Kopo Lililotiwa Risasi

Mume wangu alipelekwa kaskazini tukiwa na miezi mitatu tu ya ndoa. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru, wakati wa mashifta, wale waasi wa kaskazini, na yeye alikuwa dereva wa malori ya jeshi. Aliniaga asubuhi nyumbani kwa shangazi yangu, Kileleshwa. Alinipa mkono kama karani anayeagana na mteja, kwa sababu shangazi alikuwa amesimama pale pale na mwiko wake, anatutazama. Kisha akapanda lori, akaenda zake.

Shangazi ndiye aliyenitoa Mombasa na kunileta Nairobi. Alikuwa mpishi katika nyumba ya mkubwa mmoja wa serikali, na sisi tulikaa kwenye vyumba viwili vya nyuma, vile vya watumishi. Mimi nilikuwa na kazi mjini, Mtaa wa Biashara, kwa fundi cherehani mmoja. Kazi yangu ilikuwa kupiga matundu ya vifungo. Matundu tu, basi. Asubuhi matundu, alasiri matundu. Kwa matundu nilikuwa hodari, hata mafundi wa maduka ya jirani waliniletea mashati yao. Lakini mtu akinipa shati zima nilishone mwenyewe, alikuwa anarudishiwa kitu kama gunia lenye kola.

Tatizo letu la kwanza lilikuwa barua. Mimi na mume wangu tulikuwa bado hatujazoeana, na karatasi ilituzidishia haya. Yeye aliandika, "Ama baada ya salaam nyingi, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali." Halafu akasema huko kuna joto. Mimi nikajibu kwa maneno yale yale, nikaongeza kuwa huku kuna baridi. Yeye akaandika kuwa joto limezidi. Mimi nikaandika kuwa baridi nayo haijambo. Tulikwenda hivyo miezi miwili, kama watu wawili wa idara ya hali ya hewa wanaopeana ripoti. Nikaanza kusahau sauti yake. Siku moja nikiwa kazini nilijaribu kukumbuka namna anavyocheka, nikakuta nakumbuka kicheko cha fundi wangu. Hapo nikaona lazima nifanye jambo. Nikaamua kumtengenezea zawadi kwa mikono yangu.

Nilimfumia sweta.

Najua mtauliza. Ndiyo, aliniandikia mara nane kwamba huko kuna joto. Lakini ilikuwa Julai, na Nairobi ya Julai ina baridi ya kukausha midomo, na mtu anayetetemeka haamini kwamba mwenzake anatoka jasho. Tena shangazi alinihakikishia kuwa usiku jangwani huwa na baridi ya kukata masikio. Alilisema jambo hilo kama mtu aliyeishi huko, nami sikufikiria kumwuliza alifika lini, maana ninavyojua mimi hakuwahi kuvuka Thika.

Aliyenifundisha kufuma alikuwa mama mmoja Mkikuyu aliyetuletea mboga kutoka upande wa Dagoretti. Mama huyo alifuma huku anatembea, mzigo wa sukumawiki mgongoni, sindano mbili mkononi, na akifika mlangoni kwetu sweta la mtoto limeongezeka vidole viwili. Kila Jumamosi alikaa nami mlangoni pa jikoni robo saa, akinitazama kwa huruma. Aliniambia nafuma kama mtu anayefunga mbuzi.

Vipimo vya mume wangu sikuwa navyo. Nilimkumbuka tu, na kwa kuwa nilimkumbuka kwa mapenzi, mabega yake yalizidi kupanuka kila wiki. Nilipofika kwenye mikono, uzi wa kijivu ukaniishia, na dukani hawakuwa nao tena, basi mkono wa kushoto nikaufuma kwa uzi wa manjano. Kisha, kwa kuwa uzi wa manjano ulikuwa mwingi, mkono huo ukaendelea mbele kidogo kuliko mwenzake. Nilipomaliza nilikwenda nalo mlangoni, nikalikunjua mbele ya mama wa mboga. Alitua mzigo wake, akalishika, akaligeuza nyuma na mbele.

"Hii si sweta," akasema. "Hii ni blanketi iko na mikono."

Hata hivyo nililipeleka. Wakati huo wake wa askari tulikuwa tunaacha vifurushi langoni pa kambi hapa hapa Nairobi, navyo vinapakiwa kwenye malori yanayokwenda kaskazini. Baada ya wiki tatu jibu likaja, na safari hii lilipita mambo ya joto. Mume wangu aliandika kuwa sweta limefika salama, kwamba linatumika kila siku bila kukosa, na kwamba kikosi kizima kinanisalimu na kinasema sweta hilo linawapoza moyo.

Niliisoma barua hiyo mara sita. Nilimsomea shangazi, naye akauliza sweta linampozaje mtu moyo. Nikamwambia hayo ni maneno ya kijeshi.

Mwezi uliofuata akanitumia zawadi yake. Vilikuwa viatu vya tairi la lori, alivyovikata mwenyewe kwa kisu, na kanda zake amezipigilia vizuri kwa misumari. Kazi safi. Aliandika kwamba alivipima kwa kuukumbuka mguu wangu. Kwa bahati mbaya aliukumbuka mguu mmoja tu. Viatu vyote viwili vilikuwa vya kushoto.

Nilivivaa. Ningefanyaje? Mwanamume alikaa kwenye vumbi na jua, na mashifta wakimvizia, akanikatia viatu. Nilivivaa kwenda kazini, kutoka nyumbani hadi kituo cha basi, na kutoka kituo cha mjini hadi Mtaa wa Biashara. Mguu wa kushoto ulikwenda mjini bila taabu. Wa kulia ulitaka kwenda Westlands. Kila hatua nilikuwa nalirudisha goti langu njiani kama mtu anayeswaga ndama. Fundi wangu aliniuliza kama nimeanguka. Nikamwambia ni viatu vya zawadi kutoka kwa mume wangu aliye vitani. Akavitazama, akaniombea Mungu anipe subira, akarudi kwenye cherehani yake. Nilivivaa siku tisa. Siku ya kumi shangazi alivichukua, akaviweka juu ya kabati, akasema viheshimiwe huko huko.

Basi Idi ikawa inakaribia, nami nikapanga zawadi kubwa kuliko zote. Nilitaka kumpelekea keki ya matunda, na pamoja nayo achari ya ndimu, kwa sababu mtu wa Pwani akikaa bila achari wiki mbili anaanza kuongea na nafsi yake. Mwenye nyumba alituruhusu kutumia oveni yake Jumapili. Keki shangazi aliisimamia mwenyewe, kwa hiyo hiyo ilitoka keki kweli kweli. Achari niliitengeneza mimi. Sikuwa na subira ya kuianika siku zinazotakiwa. Niliianika siku moja na nusu, nusu hiyo ikiwa na mawingu, nikaitia kwenye chupa na kuikaza kifuniko.

Shida ilikuwa mchanga na sisimizi. Visheti nilivyopeleka mara moja vilifika vikiwa vimehamiwa. Safari hii nilichukua kopo kubwa la biskuti, nikaweka keki, katikati ya keki nikachimba shimo, na ndani ya shimo nikaisimamisha chupa ya achari ili isivunjike. Kisha nikalipeleka kopo Kawangware kwa fundi wa mabati, akaliziba mfuniko pande zote kwa risasi, ile risasi ya kuyeyusha ambayo mafundi huzibia ndoo na karai. Alifanya kazi nzuri. Hata hewa haikuweza kupita. Ila alinionya kuwa mtu akilifungua kwa pupa, bati litamkata mkono.

Nilirudi nyumbani na onyo hilo moyoni. Nikachukua rangi nyekundu iliyobaki kwenye geti la mwenye nyumba, na juu ya mfuniko, chini ya jina na namba ya mume wangu, nikaandika kwa herufi kubwa: TAHADHARI. LIMETIWA RISASI. LIFUNGULIWE POLEPOLE.

Nililiangalia kopo lile nikajisikia mke. Niliona kama nimemshika mkono kutoka mbali na kumwambia, angalia, usijikate.

Baada ya hapo kukawa kimya. Wiki ya kwanza sikujali. Wiki ya pili nilihesabu siku za lori. Wiki ya tatu na ya nne nilianza kusikiliza redio ya mwenye nyumba nikiwa nimesimama nje ya dirisha la jikoni, na redio kila mara ilikuwa na habari ya lori lililokanyaga bomu la ardhini. Haikutaja majina. Ilisema lori tu. Nikawa sili vizuri. Kazini nilipiga matundu pande zote mbili za shati la mwalimu mmoja wa madrasa, vifungo vikakosa pa kukaa. Fundi hakunigombeza. Aliliweka shati kando, akaniagizia chai, na chai hiyo ikanitisha zaidi kuliko redio, kwa maana alikuwa si mtu wa kuagizia watu chai.

Wiki ya tano, Jumamosi mchana, tulikuwa uani tunachambua mchele. Nikainua macho nikaona magwanda ya jeshi yamesimama kwenye njia ya nyuma. Hakuwa yeye. Alikuwa koplo mmoja, kofia mkononi. Mimi nilikaa chini, pale pale, juu ya mchele.

Koplo aliona jinsi nilivyoanguka akaja mbio. "Mzima, dada," akasema. "Mzima kabisa. Hata amenenepa."

Shangazi alimwuliza kwa ukali kwa nini mtu anakuja nyumba za watu na sura kama hiyo ikiwa hakuna msiba. Koplo akasema hiyo ndiyo sura yake ya siku zote. Tukamtilia chai na mandazi, akakaa kwenye stuli, lakini aliendelea kunitazama kwa pembeni, kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua. Mwishowe akauliza kwa sauti ya chini:

"Lile kopo. Ni wewe uliyeliandika?"

Nikasema ni mimi. Akatikisa kichwa, akaweka kikombe chini, na hapo ndipo akatusimulia.

Kopo lilifika kambini adhuhuri, na mume wangu hakuwepo. Alikuwa safarini na lori lake hadi kesho yake. Mlinzi wa lango alilipokea, akasoma maandishi kwa sauti, akafika kwenye risasi, akalitua chini taratibu sana, akaondoka kinyumenyume. Akaitwa sajini. Sajini alilisoma kwa darubini. Baadhi ya askari walisema hii ni mbinu ya mashifta. Wengine walisema adui hawezi kuandika tahadhari juu ya bomu lake mwenyewe. Wakabishana, na muda wote kopo likawa juani. Jua la huko, na achari ile iliyoanikwa siku moja na nusu, vikaanza mazungumzo yao. Bati likavimba. Kisha, askari wote wakilitazama, likasema "pwa".

Kikosi kizima kikalala chini.

Sajini akaamuru yapangwe magunia ya mchanga, wakakaa nyuma yake, na mpiga shabaha hodari kuliko wote akaambiwa alilipue kwa mbali. Risasi ya kwanza ilikosa. Ya pili ikakosa pia. Ya tatu ikaingia, na gesi yote iliyokuwa imejikusanya ikatoka kwa mshindo mkubwa, na juu ya kambi ikanyesha mvua ya zabibu kavu. Kipande cha ndimu kiliruka hadi nyuma ya magunia, kikampiga askari mmoja kwenye paji la uso. Akapiga kelele kuwa amejeruhiwa, na wenzake walipoona ule ute wa manjano unamchuruzika hadi machoni, wakamlaza na kumfunga bendeji kabla ya kutafuta jeraha. Alilia kwa sababu ya pilipili, wao wakadhani ni uchungu wa kufa.

Ndipo harufu ikawafikia. Sajini, ambaye alilelewa Malindi, alinyanyuka polepole, akanusa upepo, akanusa tena. "Hii ni achari," akasema.

Koplo alisema keki iliyobaki waliila yote, na ilikuwa nzuri, ila ulilazimika kutafuna kwa uangalifu. Mume wangu aliporudi kesho yake alisimamishwa mbele ya sajini, akaonyeshwa mfuniko wenye tundu, akaambiwa aeleze mke wake ni mtu wa namna gani.

"Akasemaje?" nikauliza.

"Akasema, 'Afande, huyu mke wangu nia yake ni njema.' Sajini akasema anaamini, kwa sababu ameliona sweta."

Nilifurahi kidogo. Nikamwuliza koplo kama sweta linamkaa vizuri mume wangu. Koplo akasita, mandazi mdomoni. Alidhani najua. Akasema kwamba kwa kweli halivai yeye. Linavaliwa na jerikeni.

Ikabidi aeleze. Kila asubuhi walilivisha sweta langu jerikeni kubwa la maji ya kunywa, wakalilowesha, mikono wakaifunga kwa mbele, wa kijivu juu ya wa manjano, na upepo ukilipuliza, maji ndani yanakuwa ya baridi kama ya mtungi. Hakuna kikosi kingine huko kilichokuwa na maji kama yale. Askari walipanga foleni mbele yake. Wageni waliambiwa walipigie saluti kwanza kabla ya kunywa, na wawili walipiga kweli.

Nilikuwa nimelifuma sweta lile miezi miwili. Nilitafuta hasira ndani yangu na nadhani ningeipata, lakini shangazi alikuwa ameshaanza kucheka. Alicheka bila sauti, amekalia gunia la makaa, mabega yakimpanda na kushuka, machozi akiyafuta kwa aproni. Nami nikalia kwanza, kilio cha wiki tano, kisha katikati ya kilio nikamfikiria mume wangu amesimama wima mbele ya mfuniko ule, na hapo nikakumbuka sawasawa namna anavyocheka yeye, kwa pua, kama mtu anayezuia kupiga chafya. Koplo hakujua aende au akae. Alikula mandazi mengine matatu.

Nilimwuliza kwa nini basi mume wangu hakuniandikia. Akasema aliandika mara tano na kuchana, kwa kuwa hakujua aanzeje bila kunivunja moyo. Mwisho alimsubiri koplo apate likizo amtume kwa mdomo. Na kulikuwa na ujumbe mwingine, wa sajini: tangu leo vifurushi vyangu viandikwe neno moja tu, CHAKULA, pande zote sita. Tena kama inawezekana, nilete achari nyingine, ambayo haijazibwa. Na jerikeni la pili lilikuwa halina sweta.

Nililifuma. Vipimo vilikuwa vile vile, wala sikuhitaji kukumbuka mabega ya mtu.

Mume wangu alirudi baada ya mwaka na miezi, mwembamba, mweusi wa jua, na alinipa mkono tena mlangoni ingawa safari hii shangazi alijitia kazi jikoni kwa makusudi. Tukapata chumba chetu Kawangware. Nilitegemea maneno yatamwagika, lakini wapi. Alikula kwa dakika mbili, akakunja shuka kwa pembe nne, akakaa kitandani mikono magotini. Kwa vifurushi tulikuwa tumekuwa marafiki wakubwa, na sasa ana kwa ana tulikuwa kama abiria wawili. Nilijitahidi kwa chakula. Nilimpikia kila kitu cha kwetu: wali wa nazi, maharagwe ya nazi, samaki wa kupaka, mchicha wa nazi. Kila siku alikula, akashukuru, akanyamaza.

Wiki ya tatu nikapata karatasi kazini kwamba nina kifurushi Posta Kuu. Nilikwenda saa ya chakula, nikapanga foleni, nikapewa bunda lililoandikwa CHAKULA pande zote sita kwa mwandiko wa mume wangu, ambaye asubuhi ile nilikuwa nimemwacha nyumbani anakunywa chai. Nilikwenda kulifungua kwenye bustani, juu ya benchi. Ndani mlikuwa na chapati sita alizozipika mwenyewe, moja ikiwa na mhuri wa posta uliopenya karatasi, na barua fupi. Aliandika kuwa kuna jambo amelibeba tangu siku ya harusi na kunitazama machoni hawezi. Aliandika hivi: "Mke wangu, mimi nazi siipendi. Tangu utoto. Nisamehe."

Nilikula chapati mbili, ngumu kiasi, nikawapa watu wa benchi la pili nyingine mbili. Jioni nilipika maharagwe kwa kitunguu na mafuta tu. Nikaweka sahani mbele yake. Alionja, akanitazama, akala taratibu kwa mara ya kwanza, akaongeza. Kisha akaanza kuzungumza, akazungumza hadi chai ikapoa, habari za barabara za huko, za ngamia aliyewafuata siku mbili, za hofu aliyokuwa nayo kila tairi lilipozunguka.

Jumapili tulikwenda kumsalimia shangazi, nami nikamweleza habari ya nazi. Alimtazama mkwe wake kutoka kichwani hadi miguuni, akasema kwamba mwanamume wa Mombasa asiyependa nazi apelekwe hospitali akapimwe. Alimpikia ugali siku ile, lakini kwa kinyongo.